Baraza la Kanisa na Mashauri ya Ndugu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu, wazee wa Kanisa na Wakristo wa mitaa, wakati wa Yubilei ya Dayosisi)



 Siku hizi za Yubilei mmekwisha kusikia habari za majengo, na za shule, na za hospitali, na za wale waliotutangulia, ambao makaburi yao tumeyapalilia juzi. Sisi walimu wa mitaa tumepewa kusema neno lisilo na matofali wala kengele, nalo ni habari ya baraza. Yaani wazee watatu au watano waketio katika chumba cha darasa siku ya kazi, na mbele yao Wakristo wawili wasiosemezana. Kazi hii haimo katika picha za kitabu cha Yubilei, wala pengine si vema iwemo. Lakini hapana mtaa usio nayo, na hatuijui kazi nyingine ya Kanisa iwezayo kumponya mtu, au kumwumiza, upesi kama hiyo.

Twataka kusema neno letu tangu mwanzo, msije mkachoka kulingoja. Watu wengi hudhani kwamba baraza la Kanisa limewekwa ili wagombanao washikane mikono. Sisi twaona limewekwa ili aliyenyang'anywa arudishiwe kilicho chake, na aliyenyang'anya apone dhambi yake. Kushikana mikono hufuata baada ya hayo, pengine baada ya siku nyingi. Wazee wakigeuza mpango huo, wakaanza kwa mikono na kuiacha mali palepale ilipo, basi wamemsaidia mwenye nguvu, na kumwambia mnyonge ashukuru.

Kila mzee wa baraza ayajua maneno ya Mtakatifu Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, pale anapowaonea haya Wakristo kwa kushitakiana mbele ya watu wasioamini. Lakini yafaa tujue alikuwa akiandikia mji gani. Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari mbili, na hapo palikuwa na kiti cha liwali wa Kirumi. Paulo mwenyewe aliwahi kusimamishwa mbele ya kiti hicho, Galio alipokuwa liwali wa Akaya, yapata mwaka 51 baada ya Kristo. Habari imo katika Matendo ya Mitume sura ya 18: wakamshitaki, naye Galio akawafukuza washitaki bila kutaka kusikia neno zaidi. Mahali pa kiti hicho paonyeshwa hata leo katika magofu ya mji ule. Basi Paulo hakuandika kama mtu asiyejua mahakama. Aliijua, na alijua ya kuwa katika hukumu za Kirumi mwenye cheo na mali alitangulia kusikizwa, na mtu wa chini alipata shida hata kumwita mkubwa barazani. Wakristo waliokuwa na uwezo wa kwenda huko walikuwa ni wale wenye uwezo tayari.

Ndiyo maana Paulo auliza, je, hapana kwenu hata mtu mmoja mwenye busara awezaye kukata shauri la ndugu na ndugu? Kisha asema ya kwamba ingekuwa heri kwao kuvumilia kudhulumiwa kuliko kushitakiana. Hapa ndipo wazee wengi hukoma kusoma. Hulifunga Kitabu, humgeukia mjane au yatima, nao humwambia, “Umesikia neno la Mtume, mwachie.” Lakini Mtume hakukoma hapo. Mstari unaofuata awageukia wale wanaodhulumu na kunyang'anya, awaambia kwamba wawafanyia hayo ndugu zao wenyewe. Na mara baada ya hapo awaonya kuwa wadhalimu hawana urithi katika ufalme wa Mungu. Maonyo hayo mawili yako pamoja. Mzee asomaye la kwanza kwa aliyedhulumiwa hana budi kusoma la pili kwa aliyedhulumu, tena kwa sauti ile ile. Mtu akipenda kusamehe mali yake, hiyo ni sadaka yake mwenyewe kwa Mungu. Mzee hana ruhusa ya kuitoa sadaka hiyo kwa niaba yake.

Wala tusiseme ya kwamba Mkristo aendaye mahakamani amekosa imani. Paulo huyo huyo, alipoona kwamba watamrudisha Yerusalemu akauawe, aliomba shauri lake lipelekwe kwa Kaisari. Someni Matendo sura ya 25. Alijua lipi la ndugu kwa ndugu, na lipi la kutafutiwa hifadhi ya serikali.

Sasa tuangalie kidogo jinsi Kanisa la kale lilivyofanya, maana si sisi tuliobuni kazi hii. Kiko kitabu cha mafundisho kilichoandikwa katika nchi ya Shamu katika karne ya tatu, kiitwacho Didascalia, na ndani yake mna maagizo mengi kwa maaskofu juu ya mashauri. Agizo moja latupendeza sana sisi walimu: mashauri yasikizwe siku ya Jumatatu. Sababu yake ni hii, kwamba kama mmoja hakuridhika na hukumu, pawepo na siku zilizobaki za juma za kulitazama tena shauri na kupatana, ili Jumapili wote wawili wafike mezani pa Bwana wakiwa na amani. Kitabu hicho chaagiza tena kwamba askofu asimsikie mmoja peke yake, mwenziwe akiwa hayupo; na chawaambia maaskofu wawaangalie mahakimu wa mataifa, jinsi wasivyofanya haraka hata wanapomhukumu mwuaji. Katika mitaa yetu baraza nyingi hufanyika Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa na njaa, na mzee mmoja akiangalia jua. Shauri hukatwa kwa tumbo. Twasema wazi kwamba Jumatatu ni bora, au siku yoyote iliyo mbali na Jumapili ijayo.

Na Mtakatifu Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Aljeria, tangu mwaka 395 hata alipokufa mwaka 430, alifanya kazi hii karibu kila siku. Possidius, aliyekaa naye na kuandika maisha yake, aeleza kwamba alisikiza mashauri mpaka saa ya chakula, na pengine kutwa nzima bila kula. Aeleza pia neno ambalo wazee wetu wa mitaa watalielewa mara moja: Augustino aliona afadhali kuamua kati ya wageni kuliko kati ya rafiki zake, kwa kuwa kwa wageni wawili aweza kupata rafiki mmoja, yaani yule aliyepewa haki, lakini kwa rafiki wawili hana budi kupoteza mmoja. Katika mtaa mdogo sote ni rafiki, au shemeji, au watani. Kazi hii humgharimu mzee, na asiyekubali kugharimiwa asiikubali.

Kaisari Konstantino, mwaka 318, aliruhusu watu wapeleke mashauri yao kwa askofu, na hukumu ya askofu ikapewa nguvu katika dola. Lakini haukupita muda mrefu kabla makaisari hawajaweka mpaka. Sheria za mwaka 398 upande wa mashariki, na za mwaka 408 upande wa magharibi, zilitaka wote wawili wakubali wenyewe kwenda mbele ya askofu. Tulishikeni hilo. Nguvu ya baraza la Kanisa ni ridhaa ya wote wawili. Haina askari, haina gereza, haina dalali wa kuuza mbuzi wa mtu.

Yaliyotukia katika misheni ya Blantyre, nchi ya Malawi, yatuonyesha hatari ya kusahau mpaka huo. Misheni hiyo ya Kanisa la Scotland ilianzishwa mwaka 1876, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na serikali ya kizungu, na wamisionari wakajifanya mahakimu wa watu waliokaa kwao. Walifunga watu na kuwapiga viboko. Mtu mmoja aliuawa kwa risasi mwaka 1879 kwa shitaka la uuaji, na mwingine alipigwa hata akafa. Habari zilipochapishwa huko Uingereza mwaka 1880, Kanisa lilituma watu kuchunguza, na mwaka 1881 padre aliyekuwa mkuu pale akaondolewa kazini pamoja na wengine. Twayataja haya katika Yubilei kwa sababu Yubilei si siku ya kuhesabu mema peke yake. Walikuwa watu waliovuka bahari ili kuhubiri Injili, nao walishika upanga ambao Bwana hakuwapa.

Basi liko jambo moja ambalo baraza la Kanisa halina ruhusa kulikata: jinai. Kuua, kujeruhi, kubaka, kumharibu mtoto, kuchoma nyumba, kuiba mali ya watu wote. Hayo ni ya serikali, nasi twafundishwa katika Warumi sura ya 13 kwamba serikali haikupewa upanga bure. Msitwambie kwamba hayo hayafiki kwenye mabaraza yetu. Hufika. Baba wa kijana huja usiku kwa mwalimu, naye huja na mjomba wa binti, nao wamekwisha kupatana juu ya ng'ombe wawili. Wataka mwalimu aandike tu, na padre asiambiwe. Hutumia methali yetu ile ya kale, “Funika kombe mwanaharamu apite.” Na binti mwenyewe hakuulizwa neno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwekea kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mahali pake anapojua kwamba haki ya mtoto inavunjwa. Na mwalimu si mgeni katika jamii. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, kombe hilo lisingefunikwa na mkono wa mtu wa Kanisa. Mwalimu aamke, amchukue binti na mama yake, aende nao penye daktari na polisi, kisha amwandikie padre. Kazi ya Kanisa yabaki palepale, kumtunza aliyeumizwa, na kumwendea aliyefanya jinai gerezani pia. Kuhukumu jinai si kazi yake.

Turudi kwenye mashauri yaliyo ya baraza kweli: deni, mpaka wa shamba, urithi, matusi, mifugo iliyokula mazao, mahari, ugomvi wa ndoa. Katiba ya nchi yetu ya Tanzania, Ibara ya 107A, yaziagiza mahakama zenyewe kukuza usuluhishi kati ya wenye migogoro. Kwa hiyo tukisuluhisha mambo kama hayo hatuishindani serikali.

Tuchukue shauri moja la namna iletwayo mara nyingi katika nchi ya mikorosho. Hatumtaji mtu, wala si shauri la mtaa mmoja. Mtu ameugua, apate fedha za hospitali aweka mikorosho ishirini rehani kwa jirani yake. Jirani avuna mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Mwenye shamba afa. Mjane wake afanya vibarua, akusanya fedha, na siku moja aenda kukomboa mikorosho ya mumewe. Jirani amjibu, “Haikuwa rehani. Mume wako aliniuzia.” Karatasi iliyopo ni ukurasa wa daftari la mtoto wa shule, una alama ya dole gumba, na neno lililoandikwa ni “nimempa”. Wote wawili ni Wakristo. Tena jirani ni mwimbaji wa kwaya, na sauti yake ni nzuri.

Wazee wafanyeje? Kwanza wawaulize wote wawili kama wakubali kusikizwa na baraza, waandike, watie sahihi au dole. Pasipo hayo wasianze. Kisha wasikae darasani, waende shambani. Darasani kila mtu ni mwenye haki, kama Mithali sura ya 18 itukumbushavyo jinsi neno la aliyetangulia kusema lilivyo tamu masikioni kabla hajaja mwenziwe. Shambani miti husema. Nani amepalilia? Nani amepogoa matawi? Penye mkorosho uliokufa, je, mche mwingine umepandwa? Mtu aliyenunua huziba mapengo, kwa kuwa ni shamba lake na la wanawe. Aliyeshika rehani mara nyingi huvuna tu. Hii si hati ya kumaliza shauri, bali ni dalili, na dalili huongezwa juu ya dalili. Fedha zilizotolewa zilikuwa ngapi, na mikorosho ishirini iliuzwa bei gani katika mwaka ule? Kama fedha ni chache mno kuwa bei, huenda hazikuwa bei. Ndipo waje mashahidi, wawili au watatu kama Kumbukumbu la Torati sura ya 19 itakavyo, kila mmoja asikizwe peke yake, wenziwe wakiwa nje na mbali na dirisha.

Ikiwa wazee wamejua kwamba ilikuwa rehani, bado hesabu. Maana jirani atasema, “Haya, arudishe fedha zangu zote, na mavuno yaliyokwisha kuliwa yameliwa.” Ndivyo ilivyo desturi ya rehani mahali pengi, na mzee mwenye haraka atasema sawa. Lakini Biblia yataka tuhesabu. Walawi sura ya 25 yafundisha kwamba shamba lililotolewa kwa sababu ya umaskini laweza kukombolewa, na bei yake huhesabiwa kwa miaka ya mavuno. Kutoka sura ya 22 yakataza kumtoza faida maskini aliyekopa. Na Nehemia sura ya 5, ndugu zetu, ni baraza lenyewe limeandikwa. Njaa iliingia Yuda. Watu wakaweka rehani mashamba yao, na mizabibu, na nyumba, wapate nafaka. Wengine wakakopa walipe kodi ya mfalme. Na watoto wao wakaingia utumwani. Kilio kikapanda, cha watu na cha wake zao. Angalieni kwamba wake zao wametajwa. Nehemia alikasirika, lakini hakunena mara. Alishauriana kwanza na moyo wake. Kisha akawakemea wakubwa uso kwa uso, akakusanya mkutano. Hakuwaambia wenye njaa wavumilie, bali aliwataka wakubwa warudishe siku ile ile, mashamba, na mizabibu, na nyumba, na sehemu ya fedha, na nafaka, na divai, na mafuta waliyowatoza. Walipokubali, hakuridhika na neno la mdomo. Aliwaita makuhani, akawaapisha mbele yao, akaikung'uta nguo yake kuwa ishara. Ndipo mkutano wote ukasema Amina.

Twaona hapo mambo yote tuyahitajiyo. Basi wazee wakikuta kwamba mavuno ya miaka mitatu yamepita deni mara mbili au tatu, wamwambie jirani hivyo kwa hesabu, si kwa mahubiri: umepewa fedha zako na zaidi. Kama mjane ataka kumpa neno la shukrani kwa kuwa alimsaidia mumewe siku ya ugonjwa, na ampe. Ni kweli alimsaidia. Mikorosho irudi. Na siku ya kurudi iandikwe, isiandikwe “Mungu akipenda”. Iandikwe tarehe, na jina la mzee atakayekwenda kuhesabu miti. Nakala moja ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa karatasi ya Kanisa haimpi mtu ardhi.

Katika shauri la urithi wa wanawake tumeona wazee wakisema, “Mila yetu haimpi binti shamba.” Wasome Hesabu sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mwana mume. Musa hakukata shauri kwa mila aliyoizoea, alilipeleka mbele ya Mungu, na jibu likawa kwamba binti hao wamenena haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, nayo yabatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Sheria hiyo hiyo ilipoweka Baraza la Ardhi la Kijiji ilitaka wajumbe saba, na watatu wao wawe wanawake. Tunaona aibu kidogo kwamba serikali imetutangulia. Mitaa mingine ina baraza la wanaume watano, na mama wa Umoja huitwa kuleta chai.

Juu ya ndoa twasema machache, maana mapadre wana mafundisho yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwamba mtu asiombe talaka mahakamani kabla shauri halijapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Na Waziri aweza kulitambua baraza la jamii fulani, hata la kidini, lifanye kazi hiyo kwa watu wake. Lina mwenyekiti, na wajumbe wengine wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati ya kueleza hivyo. Wako wazee wanaoikataa hati hiyo miaka na miaka, wakidhani kwamba kwa kuizuia wameilinda ndoa. Kutoa hati si kubariki talaka. Ni kusema kweli ya kwamba wamejaribu na hawakuweza. Tena sheria hiyo, kifungu cha 66, yasema mtu hana haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa. Kwa hiyo mzee asimwambie mama mwenye jicho lililovimba, “Rudi, kaongeeni wawili kwanza, ndivyo Mathayo 18 inavyosema.” Bwana aliagiza tumwendee ndugu peke yetu ili tumpate ndugu. Hakumtuma mtu aende peke yake penye fimbo. Katika shauri kama hilo hatua ya kwanza ni kumtafutia mama mahali pa kulala, nyumbani kwa mtu ambaye mume amheshimu.

Kisha kuna habari ya kuku. Mtatucheka, lakini kuku ameharibu mabaraza mengi kuliko uongo wa mashahidi. Mdai huja na kuku, kwa adabu tu, kwa kuwa si desturi kufika kwa mzee mikono mitupu. Na mdaiwa akisikia huja na jogoo. Nehemia aliyekuwa liwali miaka kumi na miwili asema kwamba hakula chakula cha cheo chake, maana watu walikuwa na mzigo mzito. Sisi twashauri kwamba tangu siku shauri liandikishwapo hata siku ya tarehe ya mwisho kutimizwa, mzee asipokee kitu kwa mmoja wao, hata muhogo. Fedha ya daftari na kalamu itoke katika sanduku la mtaa. Na mzee aliye shemeji wa mmoja wao aondoke, aketi na watu, mwingine aitwe kutoka mtaa wa jirani. Hilo halimvunjii heshima.

Ndugu zetu Wachaga wana jani waliitalo isale. Hupandwa mpakani mwa kihamba, na mtu aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba radhi. Jani ni lile lile. Twapenda walimu wawaulize wazee wa kila mahali alama zao za namna hiyo, maana si kila kitu cha kale kilikuwa giza. Mtu aliyezoea alama ya kwao huomba radhi kwa moyo zaidi kuliko kwa kutia dole katika daftari letu.

Sasa yuko yule asiyekubali. Alikubali kusikizwa, alisikizwa, hesabu ikaonyeshwa, naye akasema, “Sirudishi.” Bwana asema katika Mathayo 18 kwamba asipolisikia Kanisa awe kwetu kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wengine huyachukua maneno hayo kama rungu: asisalimiwe, mtoto wake asibatizwe, akifa asizikwe na watu. Lakini Injili hiyo ina jina la Mathayo, naye alikuwa mtoza ushuru, na Bwana alimwita penye forodha, na akaketi kula pamoja na watoza ushuru wenziwe. Padre aweza kumzuia Komunyo Takatifu mpaka arudishe, na hilo ni la padre, si la mwalimu wala la wazee. Mtoto wake hana kosa. Ugonjwa ukiingia nyumbani mwake, mwalimu aende. Lakini mali isisahauliwe kwa sababu ya wema huo. Wazee wamwandikie mjane barua ya kueleza waliyoyaona shambani na mashahidi waliosikizwa, na mzee mmoja afuatane naye mpaka Baraza la Ardhi la Kijiji, na hata ngazi zilizo juu yake ikiwa lazima. Nauli itoke katika sanduku lile lile la mtaa. Na daftari la baraza lifungwe kwa kufuli, funguo mbili, moja kwa padre na moja kwa mama mmoja wa baraza, ili atakayekuja kuuliza baada ya miaka kumi, naye ni mtoto wa mjane yule, aonyeshwe ukurasa.